Maji Twahara, Maji Salama: Ukoo wa Vijidudu Ukaao Matumboni Mwetu

Wahenga walinena kuwa kikulacho ki nguoni mwako. Lau wahenga hao wangekuwa na hadubini, huenda wangeongeza kuwa kikulacho kimo tumboni mwako pia, na ajabu ni kwamba hakikuli kila siku. Siku nyingi hukaa humo kwa amani, hula katika kile ulacho wewe, na hata hukulipa kodi ya nyumba. Ni siku ile kinapotoka kwenye tumbo la mtu mmoja na kuingia katika tumbo la mwingine ndipo mara nyingi balaa huanza.

Tunazungumza juu ya ukoo mmoja wa vijidudu ambao wataalamu wameupa jina la Enterobakteria, yaani bakteria wa utumbo. Jina lenyewe ni refu na la kigeni, lakini kazi za ukoo huu si ngeni kwa yeyote aliyekulia katika mwambao wetu. Homa ya matumbo ni kazi ya mmoja wao. Kuhara damu ni kazi ya mwingine. Maradhi ya njia ya mkojo yanayowasumbua sana akina mama, aghalabu huletwa na huyo wa tatu. Kipindupindu, ingawa watu wengi hukihesabu pamoja na hawa, ni cha ukoo mwingine. Lakini njia kinayopita ni hiyo hiyo, na anayeifunga njia ya mmoja huwa ameifunga ya wote.

Njia hiyo ni ipi? Bila ya kuzungukazunguka, ni njia itokayo chooni ikaingia kinywani. Na kwa kuwa sisi ni watu tuliolelewa kwa twahara, tunaotumia maji chooni, tunaotawadha mara kadhaa kwa siku, na tunaomfundisha mtoto tangu hajaota meno ya pili kwamba mkono wa kushoto una kazi yake na wa kulia una yake, hapana budi tujiulize swali moja. Imekuwaje basi maradhi haya yakaendelea kupiga hodi katika majumba yetu?

WATOTO WA NYUMBA MOJA

Kabla ya kulijibu swali hilo, tuwajue kwanza wenyewe.

Mwaka 1885, daktari mmoja wa watoto aliyekuwa akifanya kazi mjini Munich, Ujerumani, jina lake Theodor Escherich, alieleza habari za vijidudu alivyovikuta katika kinyesi cha watoto wachanga. Kimoja kati yake kilikuwa na umbo la kijiti kifupi, na kilizaana upesi sana. Baadaye kijidudu hicho kilipewa jina la daktari huyo, na leo dunia nzima hukiita E. koli. Mwaka huo huo wa 1885, huko Marekani, mtafiti Theobald Smith alikipata kijidudu kingine katika nguruwe waliokuwa wagonjwa. Lakini sifa hazikumwendea yeye. Kilichokumbukwa ni jina la mkubwa wake wa kazi, Daniel Salmon, daktari wa mifugo. Na ndiyo sababu vijidudu vya namna hiyo vyaitwa Salmonela. Kumbe jina hili halihusiani hata kidogo na yule samaki wa Ulaya, kama wengi wanavyodhani.

Mwaka 1897 Japani ilikumbwa na wimbi kubwa la kuhara damu lililowaua watu kwa maelfu. Kijana aitwaye Kiyoshi Shiga ndiye aliyemnasa mhalifu, na kijidudu hicho kikaitwa Shigela. Miaka 40 baadaye, mnamo 1937, mtaalamu Otto Rahn aliwakusanya wote hawa, pamoja na jamaa zao wengine, chini ya paa moja na kuwapa jina la ukoo tulilolitaja.

Kama ilivyo katika kila ukoo wa binadamu, humu pia mna wema na waovu. E. koli wa kawaida, ambaye wewe na mimi tunaye matumboni hivi sasa, hana ubaya madamu amekaa mahali pake. Hata hutusaidia kutengeneza vitamini K, ambayo mwili huihitaji ili damu igande mtu anapojikata. Lakini E. koli huyo huyo akipotea njia akaingia katika kibofu cha mkojo, huleta maumivu na homa. Na wapo E. koli wa aina nyingine kabisa, waliobeba sumu ile ile ya Shigela, ambao wanaweza kumharibu mtu figo kwa muda wa siku chache.

Mfano wa hao ulionekana Ujerumani mwaka 2011. Watu wapatao 3,800 waliugua, na zaidi ya 50 wakafa. Wachunguzi walihangaika, walishuku matango, wakashuku nyanya, mpaka mwisho uchunguzi ukawafikisha kwenye mbegu za uwatu zilizooteshwa na kuliwa mbichi kama mboga. Uwatu! Kitu ambacho hakikosekani katika majumba yetu, tunachokitia katika mchuzi na kumpa mzazi. Uwatu wenyewe haukuwa na kosa. Kosa ni kwamba mbegu zilikwisha kuchafuka, nazo ziliachwa zichipuke mahali penye joto na unyevu, kisha zikaliwa pasi na kupita motoni. Uwatu uliochemshwa chunguni hauna khofu hiyo.

Ukoo huu una tabia nyingine mbili ambazo inafaa kuzijua. Ya kwanza ni wingi wa kuzaana. E. koli akipata chakula na joto la kumfaa hujigawa mara mbili kila baada ya dakika 20. Maana yake ni kwamba kijidudu kimoja kikiangukia kwenye sinia la chakula saa sita za mchana, ifikapo saa moja ya jioni kinaweza kuwa zaidi ya milioni 2. Wanaopika chakula cha harusi na kukiacha mchana kutwa kikisubiri wageni wa jioni, na waifikirie hesabu hii. Tabia ya pili ni kuazimana. Vijidudu vya ukoo huu hupeana silaha, na mmoja akijifunza kuishinda dawa fulani anaweza kuwapa jamaa zake ujuzi huo. Tutairudia habari hii.

MPISHI ALIYEKUWA MZIMA

Katika ukoo mzima, anayetuhusu zaidi sisi ni Salmonela wa homa ya matumbo. Huyu ni wa peke yake kwa kuwa hana makao ila kwa mwanadamu. Salmonela wengine hukaa kwa kuku, mayai, ng'ombe, hata kobe. Huyu hakai kwa mnyama wala ndege. Kila mtu anayeugua homa ya matumbo, basi kimetoka kwa mtu mwingine.

Akishamezwa, huipita asidi ya tumbo, akapenya katika ukuta wa utumbo mwembamba, akaingia katika damu. Humo hujificha ndani ya zile zile chembe ambazo kazi yake ni kuwala vijidudu, mfano wa mwizi aliyejificha katika kibanda cha polisi. Hufika katika ini, wengu na uboho wa mifupa. Wiki moja, mbili au hata tatu hupita mtu hajijui. Kisha homa huanza, nayo hupanda siku hata siku. Kichwa humuuma, tumbo humkaza, hamu ya chakula humtoka. Wengine huhara, na wengine hufunga choo kabisa, jambo linalowababaisha wengi kwa kuwa wanadhani ugonjwa wa tumbo ni lazima mtu aharishe. Asipotibiwa, katika wiki ya tatu utumbo unaweza kutoboka, na hapo maisha huwa hatarini. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa katika mwaka 2019 watu milioni 9 waliugua homa hii, na 110,000 wakafariki.

Lakini kuna jambo la ajabu zaidi. Katika kila watu 100 wanaopona, wachache huendelea kuwa na kijidudu hicho ndani ya mfuko wa nyongo, hasa wale wenye vijiwe, na wanaweza kuwa nacho miaka na miaka. Hawaumwi. Hawana homa. Wanakula, wanafanya kazi, wanacheka na jamaa. Na kila waendapo chooni hukitoa.

Kisa mashuhuri ni cha Mary Mallon, mwanamke wa Ireland aliyekuwa mpishi katika nyumba za matajiri wa New York. Mwaka 1906, katika nyumba moja ya mapumziko iliyokuwa na watu 11, watu 6 walishikwa na homa ya matumbo. Mchunguzi George Soper alifuatilia, akagundua kuwa karibu kila nyumba aliyoifanyia kazi mama huyo iliachwa na wagonjwa. Chakula chake cha moto hakikuwa na neno, kwani moto huviua vijidudu. Kilicholeta matata, yasadikiwa, ni aiskrimu yake yenye vipande vya matunda mabichi, iliyosifiwa sana. Alikamatwa mwaka 1907 akawekwa katika kisiwa. Mwaka 1910 aliachiliwa kwa ahadi kwamba hatapika tena. Mwaka 1915 alikutwa akipika kwa jina jingine katika hospitali ya wazazi, watu 25 wakiwa wameugua na 2 wamekufa. Alirudishwa kisiwani, na huko akakaa mpaka alipofariki mwaka 1938.

Watu wengi humlaani. Lakini mtazame pia kwa upande wake. Alikuwa ni mtu maskini asiye na ujuzi mwingine, na mwili wake haukumwonyesha dalili yoyote ya ugonjwa. Hadi mwisho alikataa kuamini. Na ni wangapi kati yetu wangeamini, wakiambiwa kwamba mikono yao, ambayo wanaiona safi, ndiyo inayoua?

KISIMA NA SHIMO

Hapa sasa tunarudi kwenye swali letu.

Ustaarabu wa mwambao wetu ni ustaarabu wa maji. Mwenda Gedi, karibu na Malindi, ataziona nyumba za mawe za karne nyingi zilizopita zikiwa na vyoo vyake, na msikiti mkuu ukiwa na kisima chake na birika lake la kutawadhia. Katika nyumba kongwe za Lamu, birika la chooni lilijengwa kwa ustadi, na ndani yake watu walifuga visamaki vidogo vya kula viluwiluwi vya mbu. Chini ya birika hilo walipachika bakuli la kaure ili visamaki vipate maji hata birika likipungua. Wazee wale hawakujua jina la kijidudu hata kimoja, lakini walijua kwamba maji ni kitu cha kuangaliwa.

Kadhalika dini iliwapa kanuni. Kwa madhehebu ya Imamu Shafi, yafuatwayo na wengi hapa kwetu, maji yakishafikia qulla mbili, ambazo hukadiriwa kuwa takriban lita 200, hayanajisiki kwa kuingiwa na najisi maadamu haikuyabadilisha rangi, wala ladha, wala harufu. Kisima chenye maji tele, basi, kikiwa meupe maji yake, hayanuki na hayana ladha mbaya, maji yake ni twahara na udhu wake ni sahihi. Hilo hatulitii mkono, na wenye elimu yake wapo.

Lakini tazama. Vijidudu vya homa ya matumbo havibadilishi rangi. Havibadilishi ladha. Havibadilishi harufu. Maji yanaweza kuwa meupe kama machozi na matamu kinywani, nayo yamewabeba. Kwa hiyo kanuni ya twahara yalijibu swali lake, nalo ni je, naweza kutawadha kwa maji haya? Haikuwekwa ili kujibu swali la pili, je, naweza kumnywesha mtoto wangu? Haya ni maswali mawili. Kosa letu la siku nyingi ni kuchukua jibu la lile la kwanza tukalifanya kuwa jibu la yote mawili, tukasema, "Maji haya ya msikitini, watu wanatawadha kila siku, yatakuwa na nini?"

Na swali hili la pili lina uzito wa pekee katika ardhi yetu. Kisiwa cha Mombasa na sehemu kubwa ya mwambao imekaa juu ya mwamba wa matumbawe, jiwe lenye vishimo na nyufa. Penye udongo au mchanga mzuri, maji machafu yakipita polepole huchujwa, vijidudu vikanaswa njiani. Ndiyo maana wataalamu hutaja mara nyingi kipimo cha mita 30 baina ya kisima na choo cha shimo. Katika mwamba wenye nyufa kipimo hicho hakina dhamana, kwani maji hupita kama yapitavyo katika mfereji. Na huko Mji wa Kale au Majengo, ni nani mwenye mita 30 za kutenganisha kisima chake na shimo la jirani yake? Nyumba zimegusana kuta. Zamani nyumba ilikuwa na watu 8; leo mna wapangaji wa vyumba 6, na shimo ni lile lile. Maji ya bomba kutoka chemchemi za Mzima, yaliyoanza kuletwa Mombasa katika miaka ya 1950, hayajawahi kuwatosha watu wote wa mji unaokua, na mfereji ukikauka watu hurudi kisimani au kwenye mkokoteni wa mitungi. Huko Lamu, mji umetegemea maji matamu yaliyohifadhiwa chini ya vilima vya mchanga vya Shela. Na yeyote anayejenga juu ya vilima hivyo bila ya kufikiri pa kupeleka maji yake machafu, anajenga juu ya kinywa cha mji mzima.

SHAHIDI MDOGO

Sasa, kama macho, ulimi na pua havitoshi, mtu atajuaje? Hapa ndipo ukoo huu unapotoa shahidi dhidi ya nafsi yake.

Maabara za maji hazimtafuti kwanza Salmonela. Huyo ni mchache na mgumu kumpata. Wanamtafuta E. koli wa kawaida, yule mpole akaaye katika kila tumbo. Kipimo kinachotakiwa ni kwamba katika mililita 100 za maji ya kunywa asionekane hata mmoja. Si kwamba yeye mwenyewe ana sumu. Ni kwamba hana njia ya kufika kisimani ila kwa kinyesi cha mtu au cha mnyama. Akionekana, basi njia ipo wazi. Na njia aliyopita mpole ndiyo atakayopita muuaji siku mtaani patakapopatikana mgonjwa mmoja, au mtu mmoja aliyekwisha kupona lakini angali anakibeba.

Idara za afya za kaunti zina maafisa ambao kazi yao ni hiyo. Kamati za misikiti, ambazo hukusanya fedha za kununua mazulia na feni, zinaweza kukipeleka chupa kimoja cha maji ya kisima kupimwa. Si jambo la kuwavunjia heshima waliotoa kisima hicho kuwa ni waqfu. Ni kuilinda sadaka yao isije ikageuka kuwa madhara, na kuondoa madhara ni kanuni inayojulikana na kila aliyekaa mbele ya mwalimu.

Maji yakishajulikana kuwa si salama, hayatupwi. Yatafaa kwa kufulia na kwa kutawadhia, ila mtu aangalie asiyameze anaposukutua. Ya kunywa na yachemshwe mpaka yatokote barabara. Yakishatokota kwa dakika 1 yatosha. Au yatiwe dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Kisha yafunikwe. Mafunzo ya kufunika vyombo na kufunga viriba wakati wa usiku tunayo tangu zamani, wala hatukuyapata kwa madaktari. Lakini kufuniko peke yake hakutoshi ikiwa kila anayekuja huchovya kata mtungini mkono wake ukagusa maji. Mtungi wenye bomba dogo chini, au kata yenye mpini mrefu isiyowekwa chini, huondoa taabu hiyo.

Na mikono? Maji huondoa kile kinachoonekana, nayo yakatosheleza twahara. Kijidudu hung'ang'ania mafuta ya ngozi na kujificha chini ya kucha, na hapo kinachohitajika ni sabuni. Shigela inataka vijidudu 10 hadi 100 tu ili kumlaza mtu mzima kitandani. Idadi hiyo hukaa chini ya ukucha mmoja bila ya kubanana. Kipande cha sabuni kando ya birika, na kingine karibu na mwenye kukanda unga, ni kinga kuliko dawa nyingi zinazouzwa.

Tusisahau barafu. Wakati wa futari kila mtu hutamani sharubati ya ukwaju au ya maembe iliyopoa. Wengi hudhani kuwa baridi huua vijidudu. La hasha! Baridi huvilaza tu, na barafu ikiyeyuka huamka. Barafu ni salama kadiri ya maji yaliyoitengeneza, si zaidi.

VIDONGE VYA NUSU

Dawa ya kwanza iliyoishinda homa ya matumbo, kloramfenikoli, ilianza kutumika mwaka 1948. Kabla ya hapo katika kila wagonjwa 10 angeweza kufa 1 au 2. Ilionekana kama muujiza. Lakini mwaka 1972, huko Mexico, maelfu ya watu waliugua kwa kijidudu ambacho dawa hiyo haikukiweza tena. Madaktari wakabadilisha dawa. Vijidudu navyo vikabadilika. Mwaka 2016, katika mkoa wa Sindh, Pakistan, ilizuka homa ya matumbo ambayo ilizishinda karibu dawa zote zilizozoeleka, zikabaki chache mno.

Hapa kwetu mambo mawili huisaidia hatari hiyo. Moja ni kile kipimo cha damu kiitwacho Widal, kilichovumbuliwa mwaka 1896, ambacho bado kinatumika katika zahanati nyingi. Kipimo hiki huweza kumwambia mtu mwenye malaria kuwa ana homa ya matumbo, na mtu huyo akapewa dawa asiyoihitaji. Kipimo cha kutegemewa zaidi ni kuotesha damu katika maabara, ingawa huchukua siku kadhaa na hakipatikani kila mahali. Jambo la pili ni letu wenyewe. Mtu hununua vidonge dukani, humeza siku tatu, homa ikishuka huvitia kabatini ili ampe jirani. Vijidudu dhaifu vimekufa. Vilivyobaki ni vile vigumu, na kwa tabia yao ya kuazimana, ugumu huo huenea katika ukoo.

Pamoja na hayo, ipo habari njema. Chanjo mpya ya homa ya matumbo, inayoweza kupewa hata mtoto mdogo, ilijaribiwa Malawi, na matokeo yaliyotolewa mwaka 2021 yalionyesha kuwa iliwakinga watoto zaidi ya 8 katika kila 10. Mwezi Julai 2025 Kenya nayo ilianza kuwachanja watoto wa miezi 9 hadi miaka 14. Mzazi aliyempeleka mtoto wake amefanya jambo la maana. Hata hivyo chanjo hiyo haikingi kuhara damu, wala kipindupindu, wala haisafishi kisima.

Na kwa mtoto anayeharisha, msomaji mpenzi, kinachoua haraka ni kukaukiwa na maji mwilini. Mpe maji ya chumvi na sukari: lita 1 ya maji salama, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Mtoto wa ziwa aendelee kunyonya. Akiona damu katika choo, au macho yakizama, asingojewe; apelekwe hospitali.

UKOO ULIOLIPA DENI

Isije ikadhaniwa kuwa ukoo huu hauna mema yanayofika mbali. Kwa miaka mingi mgonjwa wa kisukari aliyehitaji insulini alikuwa akipata ile iliyotolewa katika kongosho la ng'ombe au la nguruwe. Kwa Muislamu hilo lilikuwa jambo zito; wanavyuoni walizungumza juu ya dharura na mipaka yake, na wagonjwa wengi walijidunga huku nyoyo zao zimesononeka. Mwaka 1978 wanasayansi wa Marekani walifanikiwa kumpa E. koli maelezo ya kutengeneza insulini ya binadamu, na mwaka 1982 dawa hiyo ikaruhusiwa kuuzwa. Kijidudu kile kile alichokiona Escherich katika kinyesi cha mtoto kikawa mfanyakazi wa kutengeneza dawa safi isiyotoka kwa mnyama. Leo wazee wetu wengi wa Mombasa na Malindi, ambako kisukari kimekuwa kama mgeni aliyekataa kuondoka, wanaishi kwa jasho la kazi hiyo.

Basi si haki kumchukia E. koli, wala hatuwezi kumfukuza tumboni. Kila kitu na mahali pake. Mahali pake ni huko aliko, na kazi yetu ni kuhakikisha kuwa hatembei kutoka shimoni akaja kisimani, na kutoka kisimani akaja katika bilauri. Mababa zetu waliyachunga maji kwa vipimo walivyokuwa navyo, yaani macho, ulimi na pua, na waliyachunga vizuri. Sisi tumeongezewa kipimo cha nne. Kisima cha mtaani kwako kilipimwa lini mara ya mwisho? Mwulize mwenye nyumba, mwulize mwenyekiti wa kamati, na ukikuta hakuna anayejua, anza wewe.